Masizi Chini ya Ukingo

Kundi letu la baiskeli lina sufuria moja, na hata hiyo si yetu. Ni ya mama anayeuza githeri, mahindi na maharagwe, karibu na steji ya matatu, hapa Njiru, na hutuazima kila tunaposafiri kwa sharti moja: irudi kama ilivyoondoka. Ni pana na nzito, na haiingii ndani ya mkoba wowote. Lazima ifungwe juu ya keria, nyuma ya mtu, kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu. Ukiibeba unafanana na mtu aliyepakia kobe.

Sheria ya kundi ni kwamba anayefika wa mwisho mahali pa kulala ndiye anayeosha sufuria baada ya chakula, na ndiye anayeibeba kesho yake. Sheria hiyo aliiweka kapteni wetu. Ni mwanamume mwenye kicheko kikubwa na miwani ya kung'aa, na amezunguka karibu barabara zote za Ukambani kwa baiskeli kabla wengi wetu hatujajua kubadilisha gia. Sidhani aliwahi kuona kwamba sheria yake inajiuma mkia. Mwenye sufuria huchelewa, na anayechelewa hupewa sufuria. Mimi niliona, kwa sababu mwaka jana niliibeba tangu jioni ya kwanza mpaka nyumbani.

Safari yetu huwa ileile. Tunatoka Njiru kwa Barabara ya Kangundo, tunalala upande wa Machakos, tunashuka hadi mji wa Wote, kisha tunarudi kwa njia hiyohiyo. Mwaka jana, siku ya kurudi, tulipokuwa tumekaribia Kangundo, skrubu ya keria yangu ilifyatuka na sufuria ikaanza kuning'inia na kugonga gurudumu. Nilipiga kelele. Kapteni alikuwa mbele kidogo tu. Niliona miwani yake ikigeuka, ikanitazama, kisha akainua mkono kuwaashiria wenzetu waendelee.

"Sheria ni sheria!" alisema, akaenda zake.

Nilifunga keria kwa kamba za viatu vyangu. Nilipofika steji, viatu vikinichomoka kila nikikanyaga pedali, alikuwa amesimama katikati ya watu na simu ameielekeza kwangu.

"Mpokeeni, mpokeeni! Mama Sufuria amejifungua salama!"

Watu wa bodaboda walicheka mpaka mmoja akaegemea pikipiki yake. Kisha mama wa githeri akaipokea sufuria yake, akaipindua, akaguna. Chini ilikuwa nyeusi tititi. Ukitaka kupikia kuni, hupaka kwanza sabuni nje ya sufuria, na ukiosha masizi huondoka na ile sabuni. Kila mtu anajua hivyo. Lakini usiku wa mwisho kapteni alimwambia mpishi, nami nikimsikia, "Leo msipake sabuni. Tuone kama huyu anajua kazi."

Basi nikaisugua pale pale bombani, kando ya steji, kwa mchanga na waya wa chuma, nikiwa bila kamba za viatu. Video ilizunguka kwenye simu za mtaa mzima. Kwa miezi mingi sikuwa na jina jingine. Nikienda kununua nyanya, "Sasa, Mama Sufuria?" Nikipita kwenye pikipiki, mtu anagonga tangi lake kwa spana, ngo ngo ngo.

Najua wapo watakaosema ilikuwa utani tu. Mimi si mtu wa kusahau utani. Naandika haya bila kujipamba: tangu siku ile nilitaka jambo moja. Nilitaka nimwone kapteni akiingia steji kwa Barabara ya Kangundo na sufuria ile nyuma yake, mbele ya watu walewale, kisha nimwone ameinama bombani.

Nilianza na baiskeli yangu. Niliinunua kwa watu wanaouza mitumba inayokuja kwa makontena, na hakuna aliyenifundisha kuitengeneza ila video kwenye simu niliyoiegemeza kwenye mkebe wa sukari. Mara ya kwanza nilipoifungua yote chumbani sikuweza kuirudisha. Nililia nimeketi katikati ya vyuma, mama akiniuliza kama ninamlilia mwanamume. Mara hii niliifungua tena, kipande baada ya kipande, mpaka nikawa naweza kuirudisha nikiwa nimefumba macho. Kila skrubu niliitia rangi nyekundu ya kucha, mstari mmoja unaovuka kutoka kwenye skrubu hadi kwenye chuma, ili ikilegea hata kidogo mstari ukatike nione. Mama alinikuta nikipaka, akasema afadhali ningezipaka kucha zangu, huenda nyumba ikapata mkwe.

Mkoba wa kukaa katikati ya fremu niliushonesha Kariokor, kwa fundi wa viatu vya matairi. Nilimpelekea kipimo nilichokikata kwenye katoni. Nikaurudisha kwa sababu ulikuwa ukigusa goti. Nikaurudisha tena kwa sababu zipu ilipinda mahali ambapo yeye mwenyewe alilazimika kuvaa miwani ili apaone.

"Binti," aliniambia, akiuma uzi, "wewe ukiolewa huyo bwana atashonwa upya."

Kila asubuhi nilikwenda kazini kwa baiskeli, kwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Industrial Area, nikiwapita watu wa Mukuru wanaotembea kwa miguu kwenda viwandani. Badala ya njia fupi nilichukua ndefu, na nyuma ya keria nilifunga jiwe. Jiwe lenye uzito wa sufuria, nililipima kwenye mizani ya misumari. Hakuna aliyejua. Usiku nililala nikiwaza kama nililifunga sawasawa, nikaamka kulikagua. Ndivyo nilivyo. Watu wengine huombea maadui zao. Mimi nilikagua skrubu.

Lakini nguvu za miguu hazingetosha. Kapteni ni mwendeshaji mzuri kuliko mimi, na hilo nalisema kwa uchungu. Angeshindwa na kitu kimoja tu, nacho nilikijua. Kilikuwa kile anachojivunia.

Jumamosi kabla ya kila safari, kundi zima hukutana pale wanapoosha magari, na kapteni hutaka kila baiskeli ipigwe maji kwa ile mashine yenye presha kali. Yake hupigwa zaidi. Akimaliza hupaka oili chakavu ya gari iliyochanganywa na dizeli, fremu ing'ae kama imetoka dukani leo. Watu humsifu. Ila maji ya mashine ile yakielekezwa kwenye kitovu cha gurudumu hupenya ndani, yanafukuza grisi, na zile beringi, vijipira vidogo vya chuma vinavyobeba uzito wote, hubaki zikisagana kavu na kutu. Nilikuwa nimeisikia baiskeli yake wiki nyingi. Gurudumu la nyuma lilikuwa na mngurumo mdogo, kama paka mzee anayeota. Yeye hakuusikia, kwa sababu husikia kicheko chake tu.

Sasa nifike kwenye lile ambalo wenzangu hawalijui mpaka leo.

Kapteni ukimwambia jambo kando, mkiwa wawili, husikia. Aliwahi kunijia faraghani kuniuliza kwa nini breki zake zinalia. Nikamwambia, akafanya vile vile nilivyosema, kisha akawaeleza wenzetu kama wazo lake. Lakini ukimwambia mbele ya watu, hasa ukiwa msichana, na hasa ukitumia neno "hujui", hufanya kinyume hata kama nyumba inaungua. Nilijua hivyo kama ninavyojua upande wa kukazia skrubu. Nilisimama mbele ya kioo cha mama nikafanya mazoezi ya sauti: ya mwalimu wa darasa la kwanza, taratibu, yenye tabasamu.

Jumamosi ile, alipoipeleka baiskeli yake kwenye maji, nikasema kwa sauti ili hata wenye matatu wasikie:

"Kapteni, nikueleze tu, kwa sababu najua hujui. Usipige maji hapo kwenye kitovu cha gurudumu. Unaziua beringi. Hiyo baiskeli inanguruma tayari, haifiki nyumbani."

Mmoja akasema, "Uuuwi, kapteni amepelekwa nasari."

Kapteni alivua miwani. "Mama Sufuria! Nani amekutoa jikoni?"

"Nakueleza tu."

"Hii baiskeli imekanyaga lami kabla wewe hujaacha kunyonya kidole. Leo utanifunza kuosha?" Akamgeukia kijana wa mashine. "Buda, leta hapa hiyo kitu."

Akalichukua bomba mwenyewe. Akalielekeza kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma, karibu kabisa, akanitazama mimi usoni, akaachilia maji. Aliyaachilia kwa muda mrefu. Watu walishangilia. Maji machafu yenye grisi yalitiririka mpaka miguuni mwangu, na mimi nilisimama nimekunja uso kama aliyefedheheshwa. Ndani nilikuwa nikiimba.

Nilikuwa nimemwambia ukweli mtupu, mbele ya mashahidi. Hakuna kisasi kisafi kuliko hicho.

Siku mbili za kwanza za safari alikuwa mbele kama kawaida, na sufuria ikaangukia kwa wengine. Mimi nilikaa katikati, sikuchoka, sikujionyesha. Tukishuka kwenda Wote niliusikia mngurumo umekua. Haukuwa paka tena, ulikuwa mtu anayesaga mahindi mabichi. Kesho yake, tukirudi kuelekea Machakos, milima ikaanza, na niliacha wenzangu wote wanipite ili nikae nyuma yake. Nilimfuata kama fisi anavyomfuata ng'ombe anayechechemea. Sioni haya kuandika hivyo.

Alisimama kwenye kalvati, kidaraja cha zege juu ya mtaro, jua likiwa kali. Gurudumu lilikuwa limekataa kuzunguka. Alikuwa amelishika kwa mikono miwili akilisukuma huku na huku, na wenzetu walikuwa wamekwisha kuzama nyuma ya kilima. Nilisimama. Alivua miwani, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba macho yake ni madogo na yamechoka.

"Dada," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Una vifaa?"

"Ninavyo."

"Na beringi?"

"Ninazo. Za saizi yako."

Alinitazama. Nilikuwa nimezinunua za saizi yake, si yangu, na nadhani pale alianza kufikiri. Lakini hakuwa na nafasi ya kufikiri sana.

Nilitandaza kitambaa juu ya zege la kalvati. Nikalitoa gurudumu, nikakifungua kitovu. Ndani mlitoka uji wa kutu, wa rangi ya chai ya maziwa, na beringi mbili zilikuwa zimevunjika. Nikaanza kuosha kila sehemu kwa mafuta ya taa niliyobeba kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.

"Harakisha basi," alisema. "Tutafika wa mwisho sisi wawili."

"Haraka haraka?" nikamuuliza.

Nilifuta, nikatazama kwenye mwanga, nikafuta tena. Nilipachika vijipira kimoja kimoja ndani ya grisi mpya. Nakiri kishawishi kilikuja: ningeweza kuacha nati imelegea kidogo, na angefika steji akitembea kwa miguu. Lakini mikono yangu haikukubali. Kazi mbovu hainipi usingizi, hata ikiwa ya adui. Niliikaza nati, nikailegeza robo mzunguko, nikaikaza tena, mpaka gurudumu likazunguka bila sauti yoyote, likaendelea kuzunguka huku tumelitazama wote wawili.

"Manze," alisema taratibu. "Halijawahi kuzunguka hivi."

Nikampa. Naye akaanza kulirudisha kwenye fremu, na kufunga mikoba yake aliyokuwa ameishusha yote ili kupindua baiskeli. Mimi nilikunja kitambaa changu, nikapanda, nikaanza kwenda.

"Wee! Ningoje nifunge mzigo!"

Niligeuka, nikamtazama vizuri ili ajue kwamba nimemsikia. Kisha nikainua mkono, vile vile alivyoinua yeye.

"Sheria ni sheria!"

Kile kilima nilikipanda kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Nyuma yangu nilijua kuna mwanamume mwenye nguvu kuliko mimi, juu ya gurudumu nililolitengeneza kwa ukamilifu wangu mwenyewe, na kama angenipata ingekuwa ni kwa kazi ya mikono yangu. Nililaani mikono hiyo. Lakini mapaja yalikumbuka jiwe, na kwenye keria leo sikuwa na jiwe. Niliingia kwenye uwanja wa kanisa tunapolala nikiwa natapika mate, na kapteni akaingia nyuma yangu, karibu mno, akiwa wa mwisho.

Wenzetu walipiga vigelegele vya mshangao. Jioni hiyo nilijitolea kupika. Nilipokuwa nikiiweka sufuria juu ya mafiga, mwenzetu mmoja, dada anayefundisha shule ya chekechea, alishangaa.

"Mbona hujapaka sabuni nje?"

"Ala!" nikasema. "Nimesahau."

Nikaongeza kuni zenye moshi.

Asubuhi kapteni aliifunga sufuria kwenye keria yake, akiwa ameisugua ndani tu maana maji ya tangi yalikuwa machache. Niliisubiri aibu yake. Nilikuwa nimeisubiri mwaka mzima, na haikuja. Kabla hatujafika Kangundo alikuwa ameshageuza mkono mmoja nyuma na kuipiga kama ngoma. Pale Tala watoto walimkimbilia wakicheza. Pale Joska mama mmoja alimrushia ndizi, naye akaidaka, akaibusu. "Nauza sufuria na mpishi wake!" alipiga kelele, na barabara nzima ikampenda. Mimi niliendesha nyuma yake meno yakiwa yamekazana. Mzigo ule ule ulionifanya kichekesho ulimfanya yeye kuwa sherehe. Nilikuwa nimepanga kila skrubu ya kisasi changu, ila sikupanga kwamba kuna watu ambao aibu haiwashiki.

Steji walikuwa wamejaa. Alishuka, akaifungua sufuria, akaja moja kwa moja kwangu, akaniwekea mikononi.

"Mama Sufuria, mwanao huyu. Amelia njia nzima akikuulizia."

Kicheko kililipuka. Nilisimama nimeikumbatia, masizi yakinipaka kifuani, nikasikia machozi yanakuja, na nilijua yakitoka nitaitwa kwa hayo pia mpaka nizeeke.

Ndipo mama wa githeri akapenya kati ya watu akifuta mikono kwenye leso. Aliitwaa sufuria yake, akaipindua.

"Hii ni sufuria yangu ama ni tairi ya lori?"

"Mama, hiyo nitakununulia sabuni—" kapteni alianza, bado anacheka.

"Sabuni ninayo. Nani aliibeba leo?"

Nikasema, "Kapteni."

"Mwaka jana huyu msichana aliosha hapa, mbele yangu, hana hata kamba ya kiatu. Wewe ulisimama hapo na simu." Akamwekea sufuria mikononi, na juu yake waya wa chuma. "Bomba ni lile."

"Lakini mama, watu wote hawa..."

"Watu ndio wataniambia kama imetakata."

Kicheko kilibadilika. Sijui nitaelezaje, kilikuwa sauti zile zile, lakini sasa hazikumfuata, zilimzunguka. Mmoja wa bodaboda akagonga tangi lake kwa spana. Ngo ngo ngo. Kapteni akaenda bombani, akachuchumaa, akachota mchanga.

Masizi ya kuni zenye moshi, yasiyo na sabuni chini yake, huganda kama lami. Nilisimama karibu naye, mikono nyuma. Alisugua mpaka jasho likadondoka kwenye pua. Mzaha ulimwisha. Watu walikaa, wakaanza kutoa maoni, hapo kushoto, hapo chini, kama mafundi. Baadaye, bila kuinua kichwa, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Siku ile pale kwa maji. Ulijua nitafanya kinyume."

"Nilijua."

"Na kama ungeniambia kando?"

"Ungenisikia."

Aliacha kusugua. Maji ya bomba yaliendelea kumwagika juu ya mikono yake.

"Una roho mbaya, wewe."

"Nimefunzwa na kapteni."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye kazi. Alipomaliza, chini ya sufuria palimetameta. Mama wa githeri aliigeuza upande huu na ule, akaridhika, akasema ni sawa, na watu wakaanza kutawanyika kurudi kwenye shughuli zao. Kapteni alisimama akinyoosha mgongo.

"Hebu nione," nikasema.

Nikaipokea kwa mama, nikaiinua kwenye jua, nikaizungusha polepole. Ilikuwa safi, kwa kweli. Ila mahali bati linapokunjwa kufanya ukingo, kwa ndani ya ule mkunjo, palibaki mstari mwembamba mweusi, mwembamba kama rangi ya kucha juu ya skrubu. Hakuna mtu mwingine ambaye angeuona.

Nikamrudishia.

"Hapa bado," nikamwambia. "Rudia."